Timazi na Vizibo Elfu Tisa Mia Tisa Tisini na Moja

Sogeeni, enyi mlio na viti na enyi mliogeuza ndoo mkazikalia. Sogeeni nanyi mlioacha chungu motoni, kwa maana chakula kikiungua kitapikwa kingine, bali habari hii ikipita imepita. Mmesikia habari za majeshi yaliyozingira miji hadi kuta zikaanguka, na za mashujaa waliovuka mito kwa kukanyaga migongo ya mamba. Nani kati yenu amesikia habari za mwanamume aliyepiga magoti mbele ya mlango wa mama mkwe wake, uzi mkononi, chaki nyuma ya sikio, akapigana na namba moja, namba moja tu wala si mbili, mpaka namba ile ikafungua kifua ikakiri kwamba imeshindwa? Ewe saruji, mwepesi wa kukauka kuliko machozi ya mrithi, nipe pumzi. Ewe mchanga uliochekechwa mara mbili, nilainishie ulimi. Naanza.

Palikuwa na fundi wa sakafu ambaye jina lake la utotoni lilikwisha kusahauliwa hata na waliompa. Watu walimwita Timazi, kwa jina la kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi ili ukuta usiseme uongo. Huyo ndiye Timazi Mnyoosha Mistari, Adui wa Kona Zilizopinda, mtu ambaye akiandaliwa chakula hupanga kwanza vijiko, na ambaye siku ya harusi yake mwenyewe aliwachelewesha wapiga picha kwa sababu wageni walisimama kama meno ya msumeno. Mkewe alimpenda hivyo hivyo, kama mtu anavyopenda saa ya ukutani inayopiga kelele: inaudhi, lakini ikinyamaza nyumba haikaliki.

Sasa baba wa huyo mkewe, mzee aliyeendesha lori la kusambaza soda tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alifariki dunia. Akaacha kitanda, redio, baiskeli isiyo na mnyororo, na chini ya kitanda viroba vilivyojaa vizibo vya soda, vya bati, vyekundu na vya kijani na vya rangi ya chungwa, vingine vimeshaanza kutu. Familia ikakutana sebuleni, chakula kikiwa mezani, kuamua kipi kiende wapi. Aliyeongoza kikao ni mzaliwa wa kwanza, Kaka Mkubwa, mwenye sauti ya mtu anayefungua mkutano hata akiwa peke yake bafuni.

"Hivi ni vyuma," alisema Kaka Mkubwa, akisukuma kiroba kwa ncha ya kiatu. "Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita Jumamosi na mkokoteni wake. Tunampa, mama anapata nafasi chini ya kitanda, anaweka masanduku yake. Tuendelee, redio."

Mama hakuitazama redio. Aliviangalia vile viroba kama mtu anavyowaangalia wageni wakivaa viatu.

Ulimi hauna mfupa, na wa Timazi siku hiyo haukuwa hata na gegedu. Aliyaona macho ya mama mkwe wake, moyo ukamruka, akasimama kijiko mkononi, akanena maneno ambayo vizazi vitayakumbuka.

"Enyi wakwe zangu, sikilizeni. Mimi niliyelaza sakafu za hospitali na za shule, mimi ambaye vigae vikinisikia nakohoa hujipanga vyenyewe, nasema hivi: vizibo hivi havitapanda mkokoteni. Nitavilaza mbele ya mlango wa mama, uso juu, bega kwa bega kama askari wa gwaride, mistari yote sawa kwa sawa. Nitavilaza vyote. Hakitabaki hata kimoja, na pembe zitakuwa nne."

"Kaa, unamwagia watu mchuzi," mkewe akamnong'oneza.

Lakini mama alikuwa amenyanyua uso. "Vyote, baba?"

"Vyote, mama."

"Bila kukata?"

"Kukata ni kazi ya washonaji, mama."

"Na bila kubakiza."

"Mama, kubakiza ni kazi ya wagonjwa."

Mama akatafakari, huku akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. "Basi iwe hivyo. Ila kikibaki hata kimoja nje, au pembe moja ikiwa na pengo, viende vyote na mkokoteni. Sitaki nusu."

Kaka Mkubwa akacheka puani. "Shemeji, maji umeyavulia nguo. Tunakusubiri Jumamosi utoke umelowa."

Basi shujaa akashuka uwanjani, yeye na mkewe, wakamwaga viroba juu ya turubai mbele ya mlango, na mlio wake ukawatoa majirani madirishani. Wakahesabu. Wakahesabu kwa mafungu ya mia mia kwenye sahani, na sahani zilipokwisha wakatumia mifuniko ya sufuria, na mifuniko ilipokwisha wakachora duara kwenye mchanga. Mgongo ukalia, magoti yakaitikia. Hata fungu la mwisho lilipofungwa, Timazi akachomoa chaki nyuma ya sikio akaliandika jina la adui yake ukutani: elfu tisa, mia tisa, tisini na moja.

Likasimama pale ukutani, zimwi lenye vichwa vinne: vitatu vya mbele vimenona sawasawa, tisa na tisa na tisa, na cha nyuma chembamba, moja, kama mkia uliojifanya kichwa.

Sasa mjue, ninyi msiowahi kulaza sakafu, kwamba vita vya fundi ni vyepesi kueleza na vigumu kupigana. Ukitaka vizibo vikae kwenye mistari iliyo sawa pasibaki kitu, sharti uipate namba itakayoigawa ile kubwa hadi iishe. Mistari mingapi, na kila mstari vizibo vingapi: hizo mbili zikizidishwa zizae lile lile jitu, si zaidi, si pungufu. Mama alikuwa amesema pembe nne. Iwe mraba, iwe mstatili, iwe njia nyembamba kutoka mlangoni, yeye hakujali, mradi pembe nne.

Timazi akaanza na mbili, kama mtu anavyoanza kupima mto kwa kidole cha mguu. Akavigawa viwili viwili, kila kimoja na mwenzake. Vikaenda vizuri mpaka mwisho, na mwisho kikabaki kimoja.

Akaleta tatu. Kikabaki kimoja.

Akaleta tano, shujaa wa mkono mzima. Kikabaki kimoja.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na zimwi hili, naapa kwa pima maji ya mafundi, lilimjua Timazi tangu tumboni mwa mama yake, maana alilishambulia kwa sita, akalishambulia kwa tisa, akalishambulia kwa kumi, na kila mara lilimla likamsazia kimoja, kile kile kimoja, kikimtazama kutoka mchangani kama jicho la samaki.

Kaka Mkubwa alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha chai. "Hata hiyo tatu ingekubali," alisema, "njia ya upana wa vizibo vitatu ingeishia sokoni. Mama angefagia kutoka hapa mpaka kwa wauza nyanya."

"Shemeji," alijibu Timazi bila kugeuka, "mwenye kutazama vita akiwa na chai asiwafundishe walio vitani kushika mkuki."

"Sawa. Mkuki wako uko wapi? Naona chaki."

Zimwi lilipoona mtu huyu amezoea kusaziwa kimoja, likabadili mbinu. Akaleta saba, vikabaki viwili. Akaleta kumi na moja, vikabaki vitatu. Akaleta kumi na tatu, vikabaki saba. Akaleta kumi na saba, vikabaki kumi na viwili. Akaleta kumi na tisa, vikabaki kumi na sita. Mabaki yakaongezeka kama wageni wa msiba, kila anayeondoka anarudi na wawili. Ukuta wa nyumba ukajaa chaki kutoka dirishani mpaka kwenye bomba la maji, na namba zilizoanguka vitani zikalala hapo zimekatwa vichwa kwa mstari mmoja mmoja mweupe.

"Ukuta umekwisha, fundi," mkewe alisema. "Umebaki mlango wa choo."

"Choo ni cha mwisho, mke wangu. Huko hukimbilia jeshi lililokata tamaa."

Ndipo, enyi mliokalia ndoo, shujaa wetu akajaribiwa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, Kaka Mkubwa amelala sebuleni na gazeti usoni. Timazi akakaa peke yake mbele ya lile rundo na wazo likamjia bila hodi. Kama kwa tisa na kwa kumi kinabaki kimoja, tatizo si elfu tisa. Tatizo ni hicho kimoja. Kitoe hicho, na vinavyobaki vinatii kama kondoo: mistari tisini, kila mstari vizibo mia moja na kumi na moja, pembe nne, hesabu imekwisha, mama amefurahi. Nani atajua? Kizibo hakipigi kelele.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akachukua kimoja, chekundu, kilichoshika kutu ukingoni, akakitia mfukoni.

"Baba."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Timazi aliinuka haraka, na mfuko ukalia.

"Naam, mama."

"Nimekuletea maji. Mfukoni mna nini?"

"Chaki, mama."

"Chaki hailii hivyo."

Mtu aliyewahi kumkabili simba anaweza kuwa jasiri. Mtu aliyewahi kumkabili mama mkwe wake akiwa na kitu mfukoni, huyo tu ndiye anayejua hofu. Timazi alikitoa kile kizibo, akakiweka kiganjani, akakinyoosha kiganja kama mwombaji, yeye aliyekuwa na maneno ya kugawia mtaa mzima.

Mama aliketi kizingitini. Hakuonekana kukasirika. "Wewe hujui hivi ni nini, ee? Sikukuambia. Mzee kule kazini alikuwa anapewa soda moja kila siku, ya dereva. Hakuinywa huko hata mara moja. Anakuja nayo jioni, tunaketi hapa mlangoni, ananifungulia, nakunywa nusu, namwachia nusu. Kizibo anakitupia kwenye kopo. Siku tulizogombana ananifungulia vile vile, hasemi kitu, ananiwekea hapa. Nakunywa nimenuna."

Alikitazama kizibo kiganjani mwa Timazi.

"Sasa hicho chako ni cha jioni ipi? Niambie ipi, baba, halafu nitakuambia kama naweza kuitupa."

Hapo Timazi, ambaye hajawahi kuinamisha kichwa isipokuwa kuangalia kama sakafu imelala sawa, akainamisha kichwa. Akakirudisha kizibo kwenye rundo kwa mikono miwili, kama anarudisha mtoto wa watu. Nyuma ya mama, ndani ya mlango, alikuwa amesimama mkewe mwenyewe na sahani ambazo hakuwa anaziosha, naye alimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuuliza kitu. Timazi akakumbuka kwamba nyumbani kwao hununua soda ya chupa kubwa ya plastiki, kila mtu akajimiminia akipita. Akanywa maji yake.

Jumamosi ikapambazuka. Na asubuhi hiyo Timazi akaamua kuacha kunyemelea zimwi kwa vidole vidogo vidogo na kulizingira kwa jeshi zima. Akatandaza mchanga, akavuta nyuzi, akapanga vizibo vikavu kabla ya saruji kama fundi yeyote mwenye akili anavyofanya. Akapanga kwa mia. Mistari mia, kila mstari vizibo mia. Mia kwa mia, namba za wafalme, mraba usio na hila.

Mkewe alikuwa akimpa, yeye akilaza. Mstari wa kwanza ukawekwa mlangoni, wa kumi, wa hamsini. Rangi zikaungana zikatawanyika, na majirani waliokuja kucheka wakabaki kuonyeshana. Wa tisini. Wa tisini na tisa. Wa mia ukaanza vizuri, ukaenda kwa madaha, kisha mkono wa mkewe ukatafuta kizibo ukakuta turubai.

Vilikuwa vimepungua tisa.

"Kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza," alisema Kaka Mkubwa, akitazama lile pengo mwishoni mwa mstari. Lakini hakulisema kwa ubaya sana. Hata yeye alikuwa ameshazunguka mraba ule mara kadhaa. "Sikiliza shemeji, si tisa tu? Niende dukani nilete soda tisa. Tunakunywa, tunajaza, tunakwenda kula."

"Nani atakuwa amezifungua?" mama aliuliza.

Kaka Mkubwa alirudisha mkono uliokuwa unaelekea mfukoni.

Timazi hakukata tamaa, au alikata lakini hakuionyesha. Aliingia ndani akatoka na lile kopo lenyewe, la maziwa ya unga, ambalo mzee alikuwa akitupia vizibo kila jioni, na likijaa akavimimina kwenye kiroba. Akalipima: upana wake ni vizibo vitatu, huku na huku. Akachomoa vitatu kutoka mwisho wa mstari wa tisini na nane, vitatu kutoka mwisho wa tisini na tisa, akavisogeza vyote sita chini kujaza mstari wa mwisho. Pengo, lililokuwa refu na jembamba, likawa kijumba cha pembeni, vitatu kwa vitatu. Humo akaliketisha kopo.

"Mama," alitangaza, mkono kifuani, "pembe tatu zina vizibo, na ya nne ina mlinzi. Yule aliyekusanya jeshi hili amesimama mwenyewe kwenye kona akililinda."

Mama alilitazama kopo kwa muda.

"Ni nzuri, baba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa amelala. "Nashukuru. Ila nitakuwa najua kwamba chini yake ni patupu."

Na hapo hapo, huko barabarani, ukasikika mkokoteni.

"Halafu hilo kopo si balaa lako kubwa," alisema Kaka Mkubwa. "Njoo uone huku. Mistari yako mitatu ya mwisho umeilaza juu ya mifuniko ya mfereji. Mvua ikinyesha tutafunua vipi? Au tutaogelea?"

Timazi akatazama. Ilikuwa kweli. Yeye ambaye maisha yake yote aliutazama uzi kama umenyooka, hakuwa ametazama uzi umepita wapi.

Mnunuzi wa vyuma akaegesha mkokoteni getini, akafuta jasho. "Hodi wenyewe. Nimeambiwa kuna mzigo."

"Subiri kidogo, ndugu," Kaka Mkubwa alimjibu.

"Nasubiri, lakini mimi njia yangu ndefu."

Timazi akapiga magoti upande wa mfereji akaanza kuondoa ile mistari mitatu, kwa sababu hata kama vita vimekwisha, fundi haachi kazi juu ya mfereji. Mkewe akapiga magoti pembeni yake. Kila mstari kati ya ile mitatu ulikuwa umepungukiwa vitatu kwa ajili ya lile kopo, kwa hiyo ulikuwa na vizibo tisini na saba. Wakavipakia juu ya ubao mrefu, wakavibeba hadi ubavuni, upande wa bomba la maji, wavishushe hapo kwa muda mpaka mkokoteni uingie. Mwingine angevimwaga tu. Timazi hakuumbiwa kumwaga. Hata mkokoteni ukiwa getini alivishusha kimoja kimoja, kando kando ya sakafu yake, vimenyooka, kwa sababu vidole vyake havikujua njia nyingine.

Wakashusha mstari wa kwanza. Wakarudi, wakabeba wa pili, wakaulaza pembeni ya wa kwanza. Wakabeba wa tatu. Timazi alikuwa ameinama, macho yamejaa ukungu.

"Fundi," mkewe alisema.

"Niache kwanza."

"Simama utazame."

"Nikisimama nitauona mkokoteni."

"Usitazame mkokoteni. Tazama huku chini. Hebu hesabu pembe."

Timazi alisimama. Akahesabu pembe kwa kidole, kama mtoto. Kuna moja mlangoni. Kuna ya pili kwenye bomba. Kuna ya tatu huku mfereji unapoanzia, imekaa sawa, kizibo cha kijani kimefunga kona. Na ya nne.

Na ya nne, enyi watu wa ndoo na wa viti, ilikuwepo.

Hakuna mstari uliopita, wala uliopungua. Ile mitatu, iliyokuwa imelala upande wa mfereji, sasa imesimama ubavuni, na urefu wa kila mmoja ulikuwa sawasawa na ubavu wenyewe, kwa sababu ubavu nao ulikuwa umepunguzwa mitatu ile ile. Pengo halikujazwa, lilitoweka. Kopo la mzee lilibaki peke yake kule nje, juu ya mfuniko wa zege, likilinda hewa.

Akakimbilia ukutani, akatafuta mahali palipobaki peupe chini ya dirisha, akaandika. Mistari tisini na saba. Kila mstari, mia moja na tatu. Akazidisha. Akazidisha tena kuanzia upande wa pili. Na lile zimwi likatoka kwenye chaki likiwa na vichwa vyake vyote vinne: elfu tisa, mia tisa, tisini na moja.

Kumbe moyo wake lilikuwa limeuficha pale pale mlangoni kwa mia: hatua tatu nyuma ya mia, na hatua tatu mbele ya mia. Na hizo namba mbili zilizouficha ni vichwa vigumu, kila kimoja hakigawanyiki kwa chochote ila kwa nafsi yake na kwa moja. Ndiyo sababu lile jeshi lote la wadogo, mbili na tatu na saba na kumi na tisa, lilikwenda likarudi na mabaki. Zimwi lilihitaji kungojewa na mtu mwenye subira, au na mtu aliyelaza sakafu juu ya mfereji.

Timazi akapanda juu ya ndoo.

"Enyi watu wa nyumba hii, na enyi mlio madirishani, shuhudieni. Adui amevunjwa vipande viwili na hakuacha hata punje. Nililijua hili tangu mwanzo. Nililivuta zimwi mpaka mfereji kwa makusudi, nikaligeuza ubavu, nikalikata mitatu kwa mitatu."

"Ulikuwa unahamisha tu," mkewe alisema.

"Nilikuwa nahamisha kwa makusudi."

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa akitembea ukingoni mwa ile sakafu, taratibu, pande zote nne, akiinama kila kona na kuigusa. Alipofika kona ya mfereji, pale lilipokuwa kopo, alisimama kwa muda mrefu zaidi.

"Hakuna palipo patupu?"

"Hakuna, mama," alisema Timazi, akashuka kwenye ndoo.

"Vyote vimo?"

"Vyote vimo, mama."

Mama alirudi akaketi kizingitini, pale pale alipokuwa akiketi jioni, akafunika mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika, na mpaka leo hakuna aliyekubaliana na mwenzake kama alikuwa analia au anacheka.

Kaka Mkubwa alikuwa amechuchumaa katikati ya mistari. Alikuwa ameona kizibo kimoja kilichopinda vibaya kuliko vingine.

"Hiki nakijua," alisema, na ile sauti ya mikutano haikuwepo. "Siku hiyo kifungulio kilipotea. Baba alifungulia kwa komeo la mlango, soda ikamrukia usoni. Nilikuwa mdogo, nilicheka mpaka nikachapwa."

"Hukuchapwa," mama alisema kutoka kizingitini. "Ulilia kabla hujachapwa."

Kaka Mkubwa akainuka, akaenda getini. "Ndugu, samahani kwa kukuchelewesha. Nenda salama. Hapa hakuna chuma."

Mnunuzi wa vyuma alinyoosha shingo. "Na ile baiskeli?"

"Baiskeli chukua."

Saruji ikachanganywa, ikamwagwa, ikakubali. Timazi alivilaza kimoja kimoja kwa mwiko na pima maji, na sakafu ikakauka bila ufa. Hata iliposhika vizuri na kuoshwa, familia ikaketi juu yake jioni kwa mara ya kwanza, na Kaka Mkubwa akatoa soda za chupa za kioo. Timazi akachukua moja. Akaifungua. Hakuinywa, akampa mkewe. Mkewe akaipokea kama mtu aliyeamshwa.

Kizibo kikaponyoka, kikaanguka kwenye sakafu, kikalia, kikabingirika juu ya ndugu zake wote, kikalala.

Kila mtu akakikodolea macho. Maana sasa, enyi wasikilizaji, vilikuwa elfu tisa mia tisa tisini na viwili, zimwi jipya kabisa, ambalo hakuna aliyejua lina meno mangapi. Timazi aliupeleka mkono polepole nyuma ya sikio, kwenye chaki.

Mama akamtangulia. Aliinama akakiokota, akalichukua lile kopo la maziwa ya unga lililokuwa dirishani, akakitupia ndani. Kikalia mara moja. Kisha akampa bintiye kopo.

"Hiki si changu," alisema. "Nendeni nalo."

Hivi ndivyo Timazi Mnyoosha Mistari alivyolivunja zimwi elfu tisa mia tisa tisini na moja mbele ya mlango wa mama mkwe wake, bila kukata, bila kubakiza, kwa pembe nne; na katika mtaa ule mpaka leo watu wanahesabu miaka kwa kusema hii ilikuwa kabla ya sakafu, na ile ilikuwa baada ya sakafu. Alitoka getini jioni ile kama jemadari atokaye vitani, kifua mbele, mwiko kiunoni, na kopo kwapani. Ndani yake mlikuwa na kimoja tu. Ni ndugu wa kile kimoja kilichomkejeli kwa mbili, kwa tatu, kwa tano na kwa kumi, sasa kikilia kila alipopiga hatua, na yeye akipunguza mwendo ili kisilie sana.

"Mume wangu," mkewe alimwambia walipofika kona ya dukani.

"Naam."

"Kesho usinunue ya plastiki."